Malalamiko Dhidi ya Mwalimu Anayesoma Hadithi Zangu Mpaka Mwisho

Tumati, Mbulu

Ndugu Isidori, Admin wa kundi la Wapenzi wa Daktari Pendo,

Natumaini huko Mogitu mmeamka salama. Ni mimi Theodory, yule ambaye tangu redio ikatishe mchezo wa Daktari Pendo nimekuwa nikiuendeleza kwa maandishi humo kundini, sehemu nane sasa. Kwa heshima zote, naomba umwondoe Mwalimu Verediana wa Gitting. Sababu ni hizi:

1. Katika sehemu ya nane Daktari Pendo alimpasua ng'ombe wa mjane, akatoa ndama hai. Watu kumi na mmoja walituma maua. Mwalimu akaandika: "Hongera, Theodory. Kilio cha yule ng'ombe nimekisikia mpaka huku. Ila Daktari Pendo tulimzika sehemu ya tano. Nani huyu anayeshika kisu?" Ni kweli nilikuwa nimesahau. Lakini wenzake kumi na mmoja hawakuona tatizo, yeye kaona kwa nini?

2. Anaanza na sifa. Mtu akikutukana unajikinga. Huyu anakusifu, unatulia, ndipo anakuonyesha kosa. Niliyasoma maneno yake nikipalilia, nikang'oa mstari mzima wa maharage na kuacha magugu.

3. Ugonjwa umeingia nyumbani. Juzi mke wangu Oliva kaniambia, "Baba Yonas, nimependa ulivyofunga lango la zizi. Ila ng'ombe wako nje."

4. Mama yangu haoni tena, hivyo kila sehemu namsomea. Nilipoacha kuandika kwa hasira, wiki mbili nzima aliuliza ndama anaendeleaje. Nikamwambia Mwalimu ameharibu. Akasema, "Mwanangu, hata mimi nilikumbuka Daktari Pendo amekufa. Nilinyamaza kwa kuwa nilifurahi amerudi." Yaani sumu imemfikia hata asiye na simu!

Hivyo naomba ipitishwe sheria: maoni yawe makofi na maua tu, atakayetaka kusoma mpaka mwisho aombe kibali, na marehemu yeyote wa hadithi aruhusiwe kurudi kazini bila kuhojiwa.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Mwalimu naye mfikishie shikamoo yangu, maana hasira haifuti umri.

Ni mimi mwenye uchungu,
Theodory

N.B. Barua imechelewa kwa sababu nilikuwa naandika upya sehemu ya nane. Sasa anayeshika kisu ni Judica, mdogo wa marehemu. Mama alilia, akaniambia nirudie kusoma. Basi usimwondoe Mwalimu. Mwombe aipitie hii kabla sijaiweka kundini, anijibu pembeni. Namba yake ninayo, ila naona aibu kumpigia.