K.M. Ni Mimi Peke Yangu

Kwa Mwenyekiti,
Baraza la Vifupisho.

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini hujambo, wewe na makarani wako. Mimi ni Kaimu Meneja wa kiwanda cha magodoro. Nimekaimu mpaka binti yangu, aliyezaliwa mwaka nilioteuliwa, sasa anavaa viatu vya mama yake. Umeneja kamili hawanipi. Nilichonacho ni K.M., herufi mbili za rangi ya dhahabu mlangoni kwangu, nami huzifuta vumbi mwenyewe kila asubuhi. Sasa naibiwa mchana kweupe, kama ifuatavyo:

1. Zahanati wameandika K.M. kwenye bahasha ya dawa za magoti za mama mkwe, eti kabla ya mlo. Mama mkwe ananiheshimu sana. Akasema dawa za mkubwa haziguswi, akanisimamia mpaka nikameza.

2. Watu wa barabara wameandika K.M. kwenye kila nguzo, eti kilomita. Mbuzi wanajikunia cheo changu.

3. Mwalimu wa binti yangu kaandika ubaoni: "Wanyama wa kubeba mizigo, k.m. punda." Mtoto akaniuliza mezani, mbele ya wageni, "Baba, kumbe na wewe umo?" Chakula kilinishinda.

4. Hili ndilo limenitia uchungu hasa. Mtunza ghala wetu kapiga chapa ya K.M., eti kiti cha mbao, kwenye kila kiti, pamoja na hiki ninachokalia. Juzi kimoja kilivunjika. Habari zikafika nyumbani kwamba K.M. kavunjika mguu, mke wangu akaja mbio na magongo ya kuazima.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, wagonjwa wameze dawa wakati wowote, walimu wasitoe mifano, na viti vyote vya mbao vichomwe. Barabara zipimwe kwa kukisia. Ikishindikana zifungwe, watu wakae kwao. K.M., popote itakapoandikwa, iwe ni mimi tu, bila ubishi.

Nisalimie mkeo, watoto, majirani, na yeyote atakayeshika barua hii njiani.

Wako mtiifu,
K.M.

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha wameingia wapagazi wawili na amri ya makao makuu: "K.M. chakavu, kuondoa leo." Wananitazama. Ndugu Mwenyekiti, tafadhali puuza yote ya juu. Kifupisho kina haki ya kuwa na maana nyingi, hata zaidi ya hizo, na maana ya mtunza ghala ndiyo bora kuliko zote. Namalizia nikiwa nimesimama, ili wakione kiti vizuri.