Theluji ya Gatina

Jumatatu, 14 Julai
Mwezi wa tatu sasa niko Kanada. Yaani Gatina, Kawangware, hapa hapa Nairobi, chumba cha juu kabisa. Ajenti wa safari alihepa na pasipoti yangu, na mimi nimeshaagwa! Kanisa zima pale Kibera lililia. Ningerudije? Sella, mchumba wangu, amekubali kuningoja hadi Desemba. Ndegwa wa hadwea, anayemtaka pia, hangoji. Kila Jumapili yuko kwa babake Sella na misumari ya bure. Misumari!

Jumanne, 15 Julai
Sella alitaka kuniona kwa video. Baridi ya leo, meno yanagongana. Kama Gatina iko hivi, Kanada je? Nikavaa jaketi nzito, nikajimwagia unga wa ngano mabegani. Theluji safi! Nikamwambia tunaizoa kwa beleshi. Mara kipaza sauti kikapita chini: dawa ya kunguni, mende, panya! Nikasema ni jamaa wa Kakamega, amefungua biashara huku. Akacheka sana. Nimeshinda!

Jumatano, 16 Julai
Balaa. Filister wa kwaya, aliyewahi kukaa kule kwa bintiye, amemwambia Sella kwamba Julai Kanada ni joto, watu wanatembea na vesti. Nikajibu kwamba mimi niko upande wa juu. Akauliza juu ya nini. Bando zikaisha ghafla.

Alhamisi, 17 Julai
Sella ameniandalia kuku wa kukausha. Eti Filister anasafiri, ataniletea. Kuku aende Kanada bila mimi? Wapi! Nimemwambia kuna jamaa wa kutuma mizigo pale stendi ya Kawangware 56, mwaminifu sana. Amekubali haraka. Mapenzi hayo.

Ijumaa, 18 Julai
Nimeenda mwenyewe. Helmeti ya boda, barakoa, jaketi ile ile ya theluji, sauti nzito. Sella akanipa mzigo, akaniangalia weee. Akasema nimwambie Ambrose, yaani mimi, kwamba babake Sella anamngoja nyumbani kwao Jumapili saa nne. Aje na ukweli tu, chai itakuwepo. Asipokuja, Ndegwa analeta wazee wake kuposa. Kisha akanipangusa unga begani, akaenda.
Nimefungua mzigo. Hakuna kuku. Chupa mbili za dawa ya kunguni.

Jumamosi, 19 Julai
Nimelia kidogo. Halafu nikafikiria vizuri. Hajanitambua! Angenitambua angepiga kelele. Unga alipangusa kwa usafi wake tu. Na dawa ni huruma, amesikia kunguni wamefika hadi Kanada.
Kwa hivyo kesho narudi. Lakini mtu wa Kanada hatokei Kawangware na boda. Nimeazima sutikesi, nimenunua vesti. Nimemwandikia Sella: ndege inatua saa nne kamili, aje uwanjani na babake na kwaya yote.