Mupira Huanzia kwa Mukubwa

Likasi, Jumapili, tarehe 14 mwezi wa tisa

Kwa Kocha Séraphin,
Mukubwa wa timu ya basketi ya chuo,
Likasi.

Muheshimiwa Kocha,

Mbele ya yote, pokea salamu za nyumba yetu. Nkambo Germaine, mama ya bwana yangu, anakusalimia. Miguu inamusumbua lakini masikio ni mazima, na barua hii ameidai yeye mbele yangu. Bwana yangu Alphonse anakusalimia. Bado iko kiwandani na mugongo bado unamuuma. Minye mwenyewe ninakusalimia. Jessy, mutoto wetu wa kwanza, ambaye unamujua kuliko vile ulivyoandika, anakusalimia. Yeye hajui kama anakusalimia, lakini minye nilimuzaa, ninaweza kusalimia kwa ajili yake. Jenny anakusalimia, njo yeye aliyenisomea karatasi yako. Elikia, wa mwisho, wa miaka sita, anakusalimia na anauliza kama kwako kuna mutoto wa kike wa kucheza naye.

Unaona, Kocha, nimetaja nyumba nzima kwa umri, toka mukubwa mupaka mudogo, bila kuruka muntu. Kwetu njo vile. Uweke neno hilo kichwani, tutalirudilia.

Ninaandika kwa mukono wangu. Masomo yangu yaliishia darasa la nne kwa masista wa Kapolowe, kwa hiyo ukikuta kosa, tafadhali usiliandike kwenye karatasi nyingine na kuibandika mulangoni.

Maana ni karatasi inayonileta kwako. Jumatano ulibandika kwenye mulango wa ofisi ya michezo ile yenye kichwa: «Musimu unaokuja: nani atakuwa meneur?» Zamani minye nilifikiri meneur ni yule anayekaa mbele ndani ya gari la timu. Jessy akanifasiria: ni yule anayepandisha mupira toka nyuma, anaangalia wenzake, na anaamua nani apewe. Nikasema, basi hiyo ni kazi ya muzazi. Jenny akapiga picha ya karatasi na telefone, akanisomea, na ninakupongeza kwa mwandiko. Inasema hivi:

«Rolly: ametuacha, yuko Kakanda. Dodo: mujanja, macho yake yanadanganya adui, ananyang'anya mipira mingi. Anatangulia. Jessy: miguu mizuri, mukono muzuri, lakini haoni muchezo. Nafasi ndogo.»

Tulishukuru sana. Muntu anabeba mimba, ananyonyesha, anapeleka mutoto shule miaka na miaka, kisha muntu mwenye firimbi anamumaliza kwa maneno mawili: nafasi ndogo. Hata daktari anakohoa kwanza. Basi, kwa heshima zote, malalamiko yangu ni haya.

1. La kwanza ni juu ya malezi. Kwetu, mbele ya kula bukari, ule ugali wetu, mutoto anabeba beseni na jagi la maji, anapitisha, watu wananawa. Anaanza na mukubwa, anamaliza na mudogo. Jessy alipokuwa na miaka minane, siku moja alianzia kwa baba yake, eti sababu baba alikuwa karibu na mulango. Nkambo alikunja mikono yake mikavu, akakataa kula. Na nani atakula wakati nkambo hali? Tulikaa vile, tunaangaliana, bukari ikapoa, ikakauka, mwisho ikaliwa na mbwa wa jirani, ambaye toka siku ile anatuheshimu sana. Jessy hajakosea tena. Leo iko na miaka makumi mbili na mbili, na hajakosea hata mara moja.

Sasa, Jumamosi ya juma lililopita nilikuja kuangalia muchezo wenu wa kupima watu. Jessy akapandisha mupira. Ricky alikuwa peke yake chini ya kikapu, mikono juu, anaita kama muntu anayezama. Lakini Ricky ni wa mwaka wa kwanza, iko na miaka kumi na tisa. Zéphirin, ambaye iko na bibi, na mutoto, na ndevu, alikuwa amezungukwa na watu watatu. Jessy akampa nani? Zéphirin. Wakamunyang'anya. Mara ya pili akampa Ambroise, anayemufuata Zéphirin kwa umri. Wakamunyang'anya. Wewe ukapiga kelele kwamba Ricky iko wazi, Ricky iko wazi. Kocha, hakuna aliyemusahau Ricky. Ricky alikuwa wa nne. Ni firimbi iliyolia mbele ya zamu yake, na firimbi haikuwa kinywani mwa Jessy.

Kisha ukaja pale tulipokaa sisi wazazi, ukaniambia: «Mama, mutoto wako anagawa mupira kama anagawa maji ya kunawa.» Nilikushukuru kwa mikono miwili. Nilirudi nyumbani ninaimba. Nikamupa bwana yangu habari jinsi kocha alivyosifu malezi yetu mbele ya watu. Yeye akageukia ukuta, mabega yakaanza kutikisika, nikafikiri ni machozi ya baba. Ilibidi ningoje karatasi yako ya Jumatano nijue kwamba nilishukuru tusi. Kwa hiyo ninaomba shukrani zangu zirudishwe.

2. La pili ni juu ya macho. Dodo ninamujua, mama yake tunaimba naye kwaya moja, sina kisa na nyumba ile. Lakini nilimuona. Anamuangalia Zéphirin usoni kwa upole kabisa, Zéphirin anatayarisha mikono, na mupira unaenda kwa mwingine, upande ambao Dodo hata hakuugeukia. Na watu wanapiga makofi. Kwetu, muntu anayekuangalia weye na kumupa mwingine hatumupigii makofi, tunamufungia mulango. Uongo wa kinywa una dawa: unauliza mara ya pili. Uongo wa macho utauuliza nini? Pasta wetu amehubiri majuma matatu juu ya uongo wa kinywa. Nimemuomba aongeze juma moja la macho, kwa ajili ya chuo chenu.

3. La tatu ni daftari. Ulikuwa nalo juu ya magoti. Kila mara Dodo alipomupokonya muntu mupira mikononi, mutoto wa watu aliyeushika vizuri, weye ulichora alama. Zilifika saba. Nilinyoosha shingo: ulipiga mustari chini ya saba kwa furaha. Kwa Jessy kulikuwa alama moja, na hiyo moja ninaijua: mupira ulimuangukia wenyewe, na alitaka kumurudishia mwenyewe. Basi ni vizuri. Sisi tuliwapeleka watoto chuo wajifunze umeme na hesabu, kumbe kuna somo ambalo halikuandikwa kwenye ratiba. Siku waya za umeme zitapotea katika mutaa wetu, polisi wasitembee na jua. Waombe tu daftari.

4. Muntu anayelalamika bila kuleta dawa ni musumbufu tu, kwa hiyo ninaleta dawa. Namba za mugongoni ziondolewe, kila muchezaji avae umri wake, ili meneur asibabaike. Wale wa timu ingine vilevile, na mutoto wa miaka kumi na tisa asithubutu kumuzuia muntu mwenye ndevu. Anayetaka kurusha juu ya kichwa cha mukubwa aombe njia kwanza. Na muchezo usikatwe na saa. Uendelee mupaka wa mwisho apate zamu yake, kama bukari, maana hakuna anayesimamisha chakula eti dakika zimeisha. Nikifikiri vizuri, Kocha, mukubwa kuliko wote pale ni weye. Mupira ulipaswa kuanzia kwako kwenye kiti chako, unauangalia, unasema asante, ndipo uendelee. Hapo Jessy alikukosea kweli, na ninakuomba musamaha kwa ajili yake. Ila kama refa anakupita kwa mvi, basi uanzie kwa refa.

5. La tano sikutaka kuliandika. Lakini karatasi yako njo ilianza, pale uliposema kwamba Rolly ametuacha, yuko Kakanda, kama vile muntu amehamia kwa shangazi. Rolly alikuwa meneur wenu misimu mitatu. Mwezi wa nne alienda kule Kakanda kuchimba madini. Mwezi wa saba alipita kwetu na pikipiki mupya, tukamukaribisha kula, Jessy akamuletea maji. Rolly akanawa mukono mumoja. Ule wa kushoto haukutoka mufukoni mupaka alipoaga, na hakuna aliyeuliza. Kati ya chakula akamuambia Jessy kwamba katika shimo lao kuna nafasi ya muntu mumoja. Si nafasi ndogo, Kocha. Nafasi nzima.

Jessy alimujibu kwamba anangoja kwanza meneur atajwe. Unajua sababu: wale wanaocheza chuo kinawasamehe karo, na wale wasiocheza kinawakumbusha mulangoni mbele ya wenzao. Baba yake na mugongo ule hawezi kitu. Jumatano ulibandika karatasi. Jumatano ileile Jessy alishusha begi toka juu ya kabati. Nilimuuliza anaenda wapi, akasema, «Mama, kocha hana kosa. Minye sioni muchezo.» Alisema kwa sauti ya chini, bila hasira, na hiyo njo iliyoniumiza, mutoto mwenye hasira unaweza kumufungia mulango, lakini huyu anaomba ruhusa. Lori la Kakanda linapita kesho asubuhi.

Kwa hiyo tunakupongeza. Wengine wanasema makocha hawaoni mbali. Weye ulisimama kwenye mulango wa ofisi, ukaona mupaka Kakanda.

Kwa sababu hizi zote tano ninaomba karatasi ile ifutwe, Jessy awekwe mbele, mupira ufuate umri, na Dodo afundishwe kuangalia pale anapotoa. Nimefikiri sana. Sitabadilisha hata neno moja.

Umusalimie bibi yako, na watoto wako kwa umri wao. Uwasalimie wachezaji kuanzia Zéphirin mupaka Ricky, na safari hii Ricky apate zake kwa kweli. Umusalimie refa. Umusalimie na Dodo; umuambie salamu hizi ni zake yeye, asizitupe kwa mwingine.

Ni minye, kwa heshima yote na kwa uchungu wa uzazi,

Martine, mama ya Jessy

N.B. Kocha, usiibandike bado barua hii. Nimeisoma kwa sauti mbele ya nyumba nzima saa sita, chakula kikiwa tayari, wasikie kama nimesahau kitu. Bwana yangu alisema inatosha. Nkambo alisema niongeze adhabu. Jessy alisimama, akaleta beseni na jagi.

Akaenda moja kwa moja kwa nkambo, kama kila siku. Anamuangalia usoni. Nkambo akanyoosha mikono. Na beseni ikatokea mbele ya Elikia. Sikuona ilipopita. Nilikuwa ninamuangalia, minye mama yake, kwa macho haya mawili, na sikuona. Elikia alikuwa ametoka kanisani bila chai, alikuwa anakula vidole vyake. Alinawa haraka mbele hatujapumua. Mikono ya nkambo ilibaki hewani. Nikawaza mbwa wa jirani, kwamba leo tena anakula vizuri.

Nkambo aliangalia mikono yake. Aliangalia Elikia, ambaye alikuwa tayari na tonge. Kisha akacheka mupaka akashika mbavu, akasema: «Huyu mutoto njo alikuwa na njaa kuliko sisi wote. Nani alisema Jessy haoni?» Akanawa wa pili. Katika nyumba yetu, Kocha, hilo halijatokea toka niolewe.

Basi namba moja mupaka nne uzipasue. Siandiki upya, karatasi imeniishia. Dodo ni mutoto muzuri, na ile kwaya ya mama yake ni kwaya yangu. Katika daftari, kwa Jessy ongeza alama moja ya leo. Na pasta nitamuambia aache yale mahubiri ya macho. Uje umupime tena, hata kwa nafasi ya nyuma ya Dodo, bora jina liwe kwenye karatasi. Namba tano inabaki vile ilivyo.

Jenny anakuletea barua hii sasa hivi, na amekatazwa kurudi mikono mitupu. Jibu upesi, hata neno moja, leo hii. Jessy bado anafunga begi, sababu kuwa na macho nyumbani si kuwa na nafasi chuoni. Ameniuliza buti zake za Kakanda ziko wapi. Minye sikusema uongo, Kocha, kinywa changu hakikufunguka. Niliangalia tu upande wa jikoni. Akaenda jikoni.

Buti ziko chini ya kitanda changu. Fanya haraka, jikoni yetu ni ndogo.