Ukoo Chini ya Boneti

Jumatatu, 4 Machi

Shemeji ametoa hukumu. Yeye ni mjane wa kaka yangu mkubwa, na hukumu inahusu gari la marehemu: lile kuukuu la porini, la kuvuta magurudumu yote manne, lililolala uani kwake tangu kaka alipoanza kuugua. Kasema liwake kabla ya Jumamosi saa tatu asubuhi, ama mtu wa vyuma chakavu aje alivute. Kila akifungua dirisha linamtolea macho. Kasema mmoja keshamzika, hawezi kukaa na maiti wa pili uani.

Kaka aliniomba kitandani, siku zile sauti imebaki nusu, nisiliache gari life. Nikasema halifi nikiwepo. Maneno mepesi hayo, ukiyasema umekaa na afya yako.

Injini nzima. Ugonjwa ni umeme. Panya wamekula nyaya, na zile walizoziacha zinakatika ukizipulizia. Leo nimezing'oa zote kwa kisu. Asubuhi moja tu! Gunia zima.

Fundi umeme wa mtaani kachungulia juu ya ukuta. Tunamwita Daktari, maana hutembea na taa ya kupimia umeme mfukoni kama kipimajoto. Kushika spana nilimfundisha mimi. Kaniuliza, kwa upole wa kuudhi, kama nimechora mahali kila waya ulikotoka na ulikokuwa unakwenda. Nimemwambia mchoro uko kichwani. Kakitazama kichwa changu muda mrefu. Hana adabu.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata waya mpya, bunda kubwa, wote mwekundu. Muuzaji kaonya kwamba gari hutaka rangi nyingi ili fundi asipotee. Nimemwambia anayepotea si fundi.

Saa sita nikawa nimepotea.

Nyaya thelathini na moja, zote nyekundu, zote zinanitazama kama watoto wa baba mmoja. Hapo ndipo akili ikanijia. Watoto wa baba mmoja! Ukoo! Nani anasahau ukoo wake? Mimi shule niliishia darasa la tatu, la nne nilisikiliza dirishani, lakini tabia za ndugu zangu nazijua kwa moyo. Nimekata vikaratasi, kila waya nikaupa jina la jamaa kwa kazi yake.

Stata ni mke wangu. Bila yeye hakianzi kitu, na kila asubuhi ni kelele. Honi ni mama mkwe, sina haja ya kueleza. Indiketa ya kushoto ni mkwe wangu aliyemwoa binti yetu: anaonyesha kushoto, anakwenda kulia. Zile fagio za kioo, za kufutia mvua, ni mjomba, maisha yake yote anatikisa mkono kukataa. Taa kubwa za mbele nimejipa mwenyewe. Nani mwingine?

Taa ndogo ya ndani ni shemeji. Ile huwaka mlango ukifunguliwa, na yeye ndivyo alivyokuwa, mgeni akibisha tu uso unawaka. Zamani.

Ukabaki waya mmoja mnene, wa ethi, unaofungwa kwenye bodi. Umeme wote ukishafanya kazi zake hurudi betri kwa kupitia huo. Taa, honi, stata, kila mmoja anamtegemea, na hakuna anayemwona. Nikakaa nao mkononi kitambo. Kisha nikaandika: Marehemu.

Jumatano, 6 Machi

Sikugusa waya. Nimepaka rangi. Kijani kilekile alichokipenda kaka. Bodi, milango, chini ya boneti, hadi yale matundu ya bolti yaliyokuwa yamechubuka. Mikono miwili ya rangi. Sikuacha chuma kinachoonekana hata cha ukubwa wa kucha.

Daktari kachungulia tena. Kasema kwa kawaida watu humaliza umeme kwanza ndipo wapake. Nimemwambia kwa kawaida watu hukaa makwao. Kacheka, kaniambia nina rangi sikioni.

Shemeji naye katoka kidogo. Kazunguka gari mara moja, kidole kinaelea juu ya rangi bila kuigusa. Karudi ndani. Nimehesabu huo kuwa ushindi.

Alhamisi, 7 Machi

Nimefunga nyaya kutwa nzima. Mgongo unalia, magoti yanaitikia. Marehemu nimemfunga wa mwisho, kwenye bolti iliyo kando ya betri. Nimekaza mpaka jasho.

Mke wangu kaleta chai. Kosa langu ni kwamba nilikwenda kunawa. Nimerudi nimemkuta kainama chini ya boneti, miwani puani, anasoma ukoo. Kaniuliza mama yake amekuwa honi tangu lini. Nimesema tangu nilipomjua. Kaniuliza na yeye stata ni kwa uzuri gani. Nimemweleza ile sehemu ya "bila yeye hakianzi kitu". Ile ya kelele nimeimeza.

Hakuridhika. Kasema mimi taa za mbele ni uongo mtupu, miaka arobaini hajaona nikimulika chochote. Kanirudisha kunawa tena, eti mikono bado michafu. Nami nikaenda, kama kondoo.

Chai ilikuwa imepoa.

Ijumaa, 8 Machi

Siku ya majaribio. Ole wangu!

Nimebonyeza honi. Fagio za kioo zikainuka nusu, zikasita, zikalala. Nimevuta swichi ya fagio. Honi ikatoa sauti ya mtu anayekohoa kwa siri.

Nimemwendea mke wangu jikoni. Kakiri bila hata kugeuka. Jana nilipokuwa nanawa alihamisha vikaratasi viwili, kisha akabadilisha na nyaya zifuate majina. Mama yake si honi, kasema. Mama yake alifuta machozi ya watu maisha yake yote, kwa hiyo ni fagio. Mjomba wangu ndiye wa kupiga kelele. Nilitaka kubisha. Nikamkumbuka mjomba. Nikarudi kwenye gari.

Nimezirudisha. Haikusaidia. Taa kubwa, yaani mimi, zinatoa mwanga wa kaa linalozimika. Stata inasema "ta", basi. Betri mpya! Nyaya mpya! Rangi mpya!

Nimetunga hila. Nimekwenda karakana ya Daktari nikamwambia nina rafiki, mzee mmoja wa mbali, gari lake limegoma namna hii, eti tatizo litakuwa nini. Daktari kanisikiliza kwa heshima zote. Kasema nimwambie huyo rafiki aangalie waya wa ethi, halafu ajisugue sikio kwa mafuta ya taa, rangi itatoka.

Nimeondoka kwa hasira. Ethi haina shida, nimeikaza mimi mwenyewe. Anataka tu nimwite. Simwiti. Kaka hakuniachia gari ili lifufuliwe na mwanafunzi wangu.

Jumamosi, 9 Machi

Mtu wa vyuma chakavu kaja saa mbili na nusu. Watu wengine hawana kazi. Katupa mnyororo chini, kaketi juu ya tairi, kasubiri. Shemeji kasimama mlangoni, kanga mabegani, kama mtu anayengoja jeneza litoke.

Nimejaribu. "Ta." Nimejaribu tena. "Ta."

Ndipo nikasikia geti. Daktari, na kisanduku chake. Kumbe mke wangu alimwita tangu jana jioni, bila kuniuliza. Stata!

Daktari kainama chini ya boneti. Kaona vikaratasi. Kaniuliza kwa utaratibu kabisa, mzee wangu, hawa ni akina nani? Ikabidi niseme. Mbele ya mke wangu, mbele ya shemeji, mbele ya mtu na mnyororo wake. Nimetaja ukoo mzima, waya kwa waya, na sababu zake. Mtu wa vyuma alicheka mpaka akashuka kwenye tairi. Nilipofika taa ya ndani nikataka kuiruka. Shemeji kasema niendelee, anasikia. Nikaeleza ile habari ya mlango na mgeni. Katazama chini.

Daktari kashika waya mnene. Kauliza huyu marehemu kazi yake nini. Nimesema wote wanarudi nyumbani kupitia kwake.

Hakucheka. Kafungua bolti, kachungulia, kaniambia polepole: mzee wangu, marehemu hagusi chuma. Umempaka rangi. Umeme haupiti kwenye rangi.

Kachukua kisu, kakwangua kijani changu kizuri mpaka chuma kikang'aa, duara la ukubwa wa kifungo cha koti. Karudisha waya, kakaza. Kasema hapa pasiguswe tena, na hasa pasiguswe na mimi.

Shemeji ndiye aliyefungua mlango. Taa ndogo ikawaka.

Kaingia, kakaa upande wake wa siku zote, mikono magotini. Nimezungusha ufunguo. Gari likanguruma kama mtu aliyeamshwa kwa jina lake. Mtu wa vyuma kakunja mnyororo wake kiungo kwa kiungo, usilie.

Shemeji kasema gari libaki. Ila Jumatatu saa nne nimpeleke makaburini. Tangu mazishi hajaenda, na kwa gari la mtu mwingine hataki.

Nimemshukuru Daktari. Kwa kifupi.

Jumapili, 10 Machi

Siku njema. Nimeosha gari, nimefuta vioo, nimeng'arisha vikombe vya taa. Shemeji kesho anapanda, kila kitu kiwe cha heshima. Nimefungua boneti nikakutana na lile kovu la kisu. Limetukana kazi yote! Nimefungua bolti, nimepaka, nimesubiri ikauke, nimepaka mkono wa pili. Nimefunga, nimekaza mpaka jasho.

Jumatatu, 11 Machi

Saa nne na robo. Shemeji yuko ndani ya gari, kavaa nguo zake nzuri, maua magotini. Gari linasema "ta".

Nimemwambia ni betri. Betri za siku hizi hazina utu. Kaniuliza kama amwite Daktari. Nimemwomba dakika kumi tu, shemeji, maua hayanyauki kwa dakika kumi. Nimechukua kisu nianze kung'oa nyaya za nyuma, nadhani mkwe ndiye mwenye makosa.

Kwa marehemu sina wasiwasi. Nimepaangalia: panang'aa kijani safi, huwezi hata kujua kama paliwahi kukwanguliwa.