Kompilateri Tatu na Mizani Moja

Jumatatu, 6 Machi
Maman Mukankusi, rais wa kooperative ya wavuvi wa Nkanka, anataka kompyuta isome yenyewe mizani ya sambaza, dagaa wa ziwa letu. Ijumaa atachagua mtu wa kazi: mimi au Gasaro, jirani yangu mwenye sekreteria, duka la kuchapa na fotokopi, hapa Cyangugu. Nikishindwa, mjomba ananingoja shambani kwake Bweyeye. Ameshanitumia picha ya jembe.

Programu yangu ni ya Python. Ili iongee na mizani inataka kiendelezi: kipande cha C, kinachopitishwa kwenye kompilateri ili mashine ikielewe. Nimechukua kompilateri mpya kuliko zote. Imekipitisha bila kosa hata moja! Python imekikataa. Kiburi tu.

Jumanne, 7
Nimepita kwa Gasaro, eti kumsalimia. Macho kwenye ekrani yake. Akaifunga. Akasema kiendelezi kinataka kompilateri ileile iliyojenga Python yangu. Nikifungua Python, mstari wa juu unaitaja. Kwangu huko juu ya ekrani nimebandika kalenda ndogo ya parokia. Sijaibandua. Mpinzani gani anatoa siri bure?

Jumatano, 8
Nimevuka daraja hadi Bukavu, kwa Jules, muuza programu. Amenipa kompilateri ya zamani, akiapa ni mzee wa kazi. Na nyingine ya matabishi, nyongeza ya bure.

Alhamisi, 9
Nimekata kiendelezi vipande vitatu, kila kompilateri na chake, isije moja ikanuna. Python imekubali! Kwaheri Bweyeye.

Ijumaa, 10
Nkanka. Beseni la sambaza juu ya mizani. Programu ikafunguka, ikaandika sifuri, ikazimika. Mvuvi mmoja: "Bo! Hata sambaza inakawia kufa kuliko hiyo." Gasaro akabandua kalenda yangu. Jina la kompilateri lilikuwa palepale. Akachomeka flashi yake, akapitisha kiendelezi chote kwa hiyo moja. Kilo kumi na nne! Kazi yake. "Na weye, Papa Valens," Maman akaniuliza, "kalenda ilikuwa inakuambia nini?" Gasaro akanihurumia: nitakuwa msaidizi wake, mradi nisiguse kompilateri.

Jumapili, 12
Nimetafakari wakati wa misa. Kosa nimelijua: tatu hazikutosha. Jana Jules alinipa ya nne. Gasaro yuko kwenye kwaya, ufunguo wa sekreteria ninao, si ni msaidizi. Nimeiweka kwenye mashine yake, afurahi kesho. Kalenda yangu bado inanata vizuri. Nimembandikia pale juu, kwenye kona.