Seni Anamtafuta Mkewe Ndotoni

Pale Uyole, karibu na yanapopumzikia malori ya Zambia, tuna benchi letu mbele ya jiko la kahawa la Mama Verediana. Mimi nashona viatu pembeni ya benchi, kwa hiyo mimi ndiye mwenyeji. Wengine ni wageni wanaojisahau tu.

Asubuhi hiyo baridi ilikuwa inakata masikio, na Liberatus akaanza tena habari ile ile aliyotuletea tangu mwanzo wa wiki. Huyu tunamwita Betri, maana redio yake huibeba kwapani na betri zake huzianika juu ya bati la Mama Verediana zipate nguvu. Habari yenyewe ni kwamba redio imesema Ulaya kuna wataalamu wanaingia ndotoni kwa hiari yao. Mwili unalala, akili inabaki macho. Mtu anajua kabisa kuwa hii ni ndoto, basi anaamrisha anachotaka. Akitaka sukari, inakuja bila foleni. Unalala chali, hutikisiki, unausubiri usingizi, ukifika unaingia nao ukiwa na akili zako timamu.

"Na kutoka?" akauliza Lutengano.

"Hapo ndipo betri zilipoisha."

Lutengano ni dereva wa lori, tunamwita Breki kwa sababu lori lake halina. Akasema kama ni hilo tu, yeye analifanya kila safari pale mteremko wa Kitonga, analala huku akijua amelala, na hakuna redio iliyowahi kumtangaza. Tukacheka mpaka Mama Verediana akatukaripia tusimwage kahawa yake chini.

Seni peke yake hakucheka. Seni ni fundi baiskeli, kijana wa Kisukuma ambaye wazee wake walihamia Usangu na ng'ombe zao. Siku hizo macho yake yalikuwa mekundu kama mtu aliyepuliza kuni mbichi.

"Betri, hiyo kitu ni uongo," akasema. "Mimi nimeijaribu tangu uliposema. Silali."

Betri akaona ameguswa heshima. Akamhoji: ulilala chali? Chali. Ulitulia? Mpaka siafu akaniuma nikamwacha. Basi shida iko wapi?

"Usingizi nauona kabisa unakuja. Sasa nikiuona, nafurahi. Nikifurahi, unaondoka. Alfajiri nikichoka ndiyo unanichukua kwa nguvu, akili sina tena, na huko nakuta ng'ombe."

"Ng'ombe gani?"

"Ng'ombe za baba. Ng'ombe tu, kila siku."

Hapo ndipo tukaijua habari ya Lea. Lea ni mkewe, Mhehe wa kule Tosamaganga, fundi cherehani mzuri, na tulikuwa tumeambiwa amekwenda kusalimia kwao. Kumbe amekwenda kwa hasira. Yeye kila asubuhi alikuwa anamsimulia Seni ndoto yake, na Seni yumo. Halafu anamwuliza, na wewe je? Na Seni, mtu asiyejua hata kudanganya mizani, anajibu kwamba ameota yule ng'ombe wa madoa amezaa. Kesho ameota yule wa pembe moja amepotea bondeni. Siku moja akaamka analia kwa furaha kwa sababu ya mtamba fulani mweusi. Lea akafunga mzigo. Akasema: siku utakayoniota, njoo unichukue. Usiponiota, kaa na ng'ombe zako.

Breki akasema jambo jepesi hilo, mwambie umemwota, yamekwisha.

"Ataniuliza alikuwa anafanya nini," Seni akasema. "Najijua. Nitamwambia alikuwa anakamua."

Betri akamshauri awe anahesabu polepole. Seni akamwuliza ahesabu nini, maana kila akianza kuhesabu anajikuta anahesabu wanaoingia zizini. Breki akatoa shauri la ulanzi, pombe ya mianzi. Tukamkatalia, akili inayotakiwa kubaki macho utainyweshaje? Mimi nikatoa langu la kiume, kwamba mke anayekimbia kwa sababu ya ndoto aachwe akimbie, dunia ina shida za kweli.

Mama Verediana akaweka kata chini. "Wewe fundi viatu, mkeo ulimwota lini?"

Nikarudi kwenye soli yangu.

"Nyumba imepoa," Seni akasema, hakumwambia mtu. Akaegemeza kichwa kwenye nguzo ya kibanda. Sisi tukaendelea kubishana kama akili ina macho yake mbali na haya ya usoni, na tulipogeuka kumwuliza yeye, tukamkuta amelala, mdomo wazi, amekaa vile vile.

Basi la Iringa likasimama. Akashuka Lea na kikapu. Tukatazamana. Akatusalimu kwa Kihehe, kamwene, kwa adabu yote, na Breki akamkaribisha, shemeji karibu, habari za nyumbani. Nzuri. Amefuata cherehani yake tu, anaondoka na basi la kurudi.

Sasa hapo mzaha uliisha. Mke akiacha sufuria, atarudi. Akija kuchukua cherehani, umebaki kapera.

Lea akamtazama mumewe. "Hata mchana," akasema. "Ng'ombe wa usiku hawamtoshi." Breki akanyoosha mkono amwamshe, Lea akamkataza. Mama Verediana akamtilia kahawa akamkalisha kwenye benchi, hapo hapo kando ya Seni.

Lori moja likapiga honi ya kufufua wafu. Seni akafumbua macho, akamwona Lea. Hakushtuka. Akatabasamu taratibu, akatugeukia sisi.

"Betri, nisamehe. Nimeingia."

"Umeingia wapi?"

"Ndotoni. Na akili zangu zote. Lea yuko Tosamaganga, mimi namwona hapa."

Betri akafungua mdomo amsahihishe. Mama Verediana akamkanyaga mguu. Alijuta baadaye, kwa sababu Seni, kwa kuwa ndotoni hakuna cha adabu, alimwambia kwa upole kwamba kahawa yake ni maji ya kuoshea sufuria. Mimi akaniambia viatu nilivyomshonea vinakunywa maji kuliko ng'ombe wa kiangazi. Iliniuma, nikanyamaza kwa ajili ya ndoa yake.

Ndipo akamgeukia Lea. Huyu mtu siku zote huongea na mkewe kama anayelipa kodi. Siku hiyo maneno yalitoka.

"Lea, kaa hivyo hivyo, usipotee. Nimekutafuta sana, usingizi ukanikataa. Sikiliza. Ng'ombe nawaota kwa sababu wako mbali. Wewe ulikuwa hapa ubavuni, nikinyoosha mkono nakugusa. Ningekuota wa nini? Umeondoka, sasa ndiyo ningekuota, lakini tangu uondoke sijalala."

Lea akainamia kikombe chake muda mrefu. Kahawa ile haina cha kutazama ndani yake, naijua.

"Cherehani iko wapi?" akauliza, na sauti haikuwa ile aliyoshuka nayo kwenye basi.

"Iko dirishani. Naipangusa vumbi kila asubuhi."

Lea akasimama. Akachukua kikapu akakitua magotini kwa Seni. "Beba. Twende nyumbani."

Seni akakipokea, na uzito wake ukamvuta mikono chini. Jogoo aliyekuwa ndani akatoa kichwa akamdonoa kidole. Damu kidogo ikatoka. Seni akaitazama damu, akamtazama Lea ambaye alikwishatangulia, akatutazama sisi mmoja mmoja, na nikaona rangi inamwisha usoni. Aliyoyasema yote akayasikia upya.

Basi la kurudi Iringa likapiga honi. Lea hakugeuka.

Seni akatuinamia, akatuambia kwa sauti ya chini:

"Jamani, mtu asiniamshe."

Akakimbia kumfuata.