Vikinga Radi vya Boila

Jumatatu, 3 Machi
Nimemaliza! Vikinga radi vipya vimekaa kabatini, kwenye nyaya zinazopeleka kipimo cha maji ya boila hadi chumba cha udhibiti. Vimepangana kama meno ya bibi harusi. Alhamisi wageni wa makao makuu wanakuja kukagua kiwanda. Cheo cha usimamizi kiende wapi kama si kwangu?

Nyaya za ardhini, zile za kijani, sikuzifunga. Zinaharibu sura. Fundi mwenzangu, Bi Mkasi, akachungulia, akasema kikinga kisicho na waya wa ardhini ni mwavuli wa mbavu tupu. Nguvu ya radi itateremkia wapi? Wivu tu!

Jumanne, 4 Machi
Bi Mkasi kaomba ufunguo wa kabati. Nikasema umepotea. Umo ndani ya soksi yangu. Nachechemea. Shemeji, kaka wa mke wangu, ndiye mwendesha boila. Akaniletea dawa ya kuchua mguu. Mwema mno. Ananikera.

Alhamisi, 6 Machi
Radi! Wageni ndio kwanza wanaingia getini. Ikapiga karibu na bohari. Mizani ya bohari ikazimika. Kipimo cha mafuta kikaonyesha tangi limejaa, kumbe halina kitu.

Nikaganda. Kipimo cha boila nacho kikidanganya hivyo, shemeji ataendelea kuchochea moto boila likiwa kavu. Litalipuka naye yuko mbele yake!

Nikatimua mbio. Kiatu kimoja kikabaki kwenye tope. Nikamkuta shemeji anakunywa chai. Kipimo kinasoma sawasawa. Nikachomoa ufunguo, nikafungua kabati. Nyaya za kijani zote zimefungwa, tena zimekazwa!

Bi Mkasi alikuwa ameung'oa mlango bawabani jana, akafanya kazi yake, akaurudisha. Wala hakuona haya. "Shemeji yako ana watoto, bwana," akaniambia. "Huo urembo wako utanisamehe."

Nikamshika mikono yote miwili, nikalia mbele ya wageni. Cheo kapewa yeye. Sikuumia. Haya, kidogo.

Ijumaa, 7 Machi
Shemeji kaja kula kwetu. Kamaliza chakula chote, na nyama yangu juu. Nikashukuru kila tonge lililopita kooni mwake. Mke wangu akauliza mbona namkodolea macho kaka yake. Nikaenda chooni kufuta machozi.

Jumamosi, 8 Machi
Bi Mkasi yuko mapumzikoni. Shukrani zimenijaa hadi pomoni. Asante ya mdomo haitoshi, nikaamua kumtendea wema wa kimyakimya. Nimefungua kabati lake la pampu zinazopeleka maji kwenye boila, nikang'oa vinyaya vyote vilivyokuwa vinaning'inia ovyo, nikapanga vilivyobaki kwa rangi. Limependeza ajabu! Sikumwambia mtu.

Hata pampu zenyewe zimeacha zile kelele zao. Utulivu mtupu.